MAZOEZI MAKALI NA MAPUMZIKO: JINSI YA KUPUNGUZA UZITO BILA KUJIUMIZA

Wahenga walinena kwamba kwenda mbio si kufika. Mwaka huu wenzangu wa Chama cha Kiswahili wameniomba niandike somo la afya, nami nimechagua jambo ninaloliona kwetu kisiwani Takawiri na hapa shuleni pia. Mtu anaamua kupunguza uzito. Anajitosa katika mazoezi makali asubuhi na jioni, siku saba kwa wiki, huku akijinyima chakula. Baada ya majuma mawili hivi analala kitandani, magoti yamevimba. Akipona utamsikia akisema, "Mazoezi hayanifai mimi." Si kweli. Mazoezi yanamfaa sana. Kilichokosekana ni mapumziko.

JAMBO HILI LATUHUSU VIPI?

Takawiri ni kisiwa kidogo katika Ziwa Victoria, kati ya Rusinga na Mfangano, Kaunti ya Homa Bay. Ukitoka Mbita unafika kwa boti. Wazee wetu hawakuhitaji kufundishwa mazoezi. Walipiga kasia, walivuta nyavu na kubeba maji kichwani kutoka ziwani. Siku hizi boti nyingi zina injini, na dukani kuna soda, mandazi na mafuta ya kukaangia ya bei nafuu. Matokeo yake ni kwamba presha na ugonjwa wa sukari, ambavyo watu walizoea kuviita magonjwa ya matajiri wa mjini, vimeshavuka maji na kufika kwetu.

Lakini kwetu kuna shida nyingine ambayo vitabu vya mazoezi haviitaji. Kukonda kunaogopwa. Katika jamii ya Waluo mtu akikonda ghafla, watu hunong'ona kwamba ana chira, yaani maradhi ya kudhoofika yanayosemekana kumpata aliyevunja mwiko. Halafu ulipoingia Ukimwi, mkoa wetu wa Nyanza uliumia sana, na wembamba ukawa habari mbaya kijijini. Kwa hiyo mtu wa kwetu anayepunguza uzito ana vita viwili: kimoja na mwili wake, kingine na macho ya majirani. Akikonda vibaya, huku amechoka na macho yameingia ndani, anawapa majirani ushahidi. Akipungua polepole, akiwa na nguvu zake na uso unang'aa, hakuna wa kumsema kwa muda mrefu. Ndiyo maana nasema mapumziko si uvivu.

MAZOEZI MAKALI NI YEPI?

Kipimo rahisi ni mdomo. Ukiwa unatembea na unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hayo ni mazoezi ya wastani. Ukiwa huwezi kusema zaidi ya maneno machache kabla ya kutweta, hayo ni makali.

Kipimo cha pili ni mshipa wa mkono. Toa umri wako katika 220, upate makisio ya mapigo ya juu kabisa ya moyo wako kwa dakika. Mwanafunzi wa miaka 17 atapata 203. Mazoezi makali ni yale yanayopeleka moyo kwenye asilimia 70 hadi 85 ya hesabu hiyo, yaani mapigo 142 hadi 173 hivi. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha mara 4. Kumbuka haya ni makisio tu, maana mioyo hailingani.

Kuna mazoezi makali ya vipindi, yaani unakaza kwa muda mfupi, unapumzika kidogo, unakaza tena. Mwaka 1996 mtaalamu wa Japani, Izumi Tabata, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya mazoezi ya namna hiyo: sekunde 20 za kukaza kabisa, sekunde 10 za kupumzika, mara 7 au 8 hivi, kisha basi. Vijana waliopimwa walikuwa wanafunzi wa michezo wenye miili iliyozoea, na hata hao hawakufanya siku saba kwa wiki. Walifanya siku tano, na mojawapo ya hizo ilikuwa ya mwendo wa kawaida zaidi. Watu wengi hukumbuka zile sekunde 20 na kuzisahau zile siku mbili.

NINI HUTOKEA MWILINI?

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Mazoezi hayajengi mwili wakati unapoyafanya. Wakati huo yanaubomoa kidogo. Nyuzi za misuli hupata michubuko midogo isiyoonekana kwa macho. Akiba ya wanga iliyo ndani ya misuli, iitwayo glikojeni, hupungua. Maji na chumvi hutoka kwa jasho. Ujenzi huja baadaye, ukiwa umekula, umekunywa na umelala. Mwili huziba ile michubuko na kuongeza kidogo juu yake, ndipo misuli ikawa na nguvu kuliko jana. Kazi hiyo huhitaji saa 24 hadi 48, na pengine zaidi kama zoezi lilikuwa zito au mtu ni mgeni. Ukirudi kubomoa kabla fundi hajamaliza kujenga, nyumba haiinuki. Ukizidi, inaanguka.

Mvuvi wa omena anayajua haya bila kusoma bayolojia. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi vizuri gizani. Mbalamwezi ikiwa kamili, mwanga hutawanyika ziwani na omena hawakusanyiki vizuri kwenye taa. Basi siku hizo wavuvi hushona nyavu, huziba boti zinazovuja na kulala. Hakuna anayewaita wavivu. Vilevile serikali imekuwa ikifunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane. Ziwa lenyewe hupewa likizo, sembuse goti la binadamu!

TUJIFUNZE KWA WANARIADHA WETU

Mtu akikuambia kuwa kupumzika ni kwa wanyonge, mtajie Eliud Kipchoge. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alikimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi kwa sababu alisaidiwa na wakimbiaji wa kupokezana, lakini hakuna aliyewahi kwenda umbali huo chini ya saa 2 kabla yake. Tarehe 25 Septemba 2022 huko Berlin aliweka rekodi rasmi ya wakati huo ya saa 2, dakika 1 na sekunde 9.

Sasa tazama ratiba iliyomfikisha huko. Akiwa kambini Kaptagat chini ya kocha Patrick Sang, aliyeshinda medali ya fedha ya mbio za kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992, siku zake ngumu zilikuwa tatu kwa wiki: Jumanne kiwanjani, Alhamisi mbio ndefu, Jumamosi mbio za kubadilisha mwendo. Siku zilizobaki alikimbia, ndiyo, lakini kwa mwendo mpole. Mchana alilala, na usiku alilala mapema. Baada ya marathoni kubwa alipumzika kwa majuma kadhaa. Ikiwa bingwa wa dunia ana siku tatu ngumu, mimi na wewe tuliokalia dawati kutwa tunapata wapi saba?

HESABU ZA UZITO

Wengi hukosea kwa kudhani kwamba mafuta ya mwili huchomwa upesi. Tufanye hesabu. Kilo 1 ya mafuta ya mwilini ina takriban kilokalori 7,700. Mtu anayekimbia hutumia kama kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila kilomita. Mwenye kilo 70 akikimbia kilomita 5 hutumia 350 hivi. Ili achome kilo moja ya mafuta kwa mbio peke yake, atahitaji kilomita 110. Wakati huohuo, kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kilokalori 120 hivi. Umeona? Mafuta yanayomwagwa kwenye sufuria bila kupimwa yanaweza kufuta jasho la asubuhi nzima.

Kwa hiyo njia ya hekima ni kuchanganya: punguza kidogo mezani, tumia kidogo zaidi mazoezini. Mtu mzima akipunguza kilokalori 500 kwa siku, kwa wiki ni 3,500, yaani karibu nusu kilo ya mafuta. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha. Anayekuahidi kilo 10 kwa mwezi anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mbona basi wengine hupungua kilo 3 wiki ya kwanza? Jibu ni maji. Kila gramu ya glikojeni hukaa mwilini na gramu 3 hivi za maji. Akiba hiyo ikiisha, maji yake hutoka pia. Mtu akila vizuri siku mbili tu, yote hurudi. Mizani ilisema kweli, ila haikusema ni nini kilichopungua.

MFANO WA SHANGAZI YANGU

Ninaye shangazi kule Takawiri, waya kama tuitavyo kwetu. Ana miaka 46 na hukausha omena. Alipopimwa, presha ilikuwa juu na mizani ikasoma kilo 94. Akaambiwa apunguze uzito. Basi waya hana mchezo. Kila alfajiri alikimbia kwenye mchanga wa ufuo, jioni akaruka kamba, na chakula chake kikawa chai ya rangi na hindi moja la kuchemsha.

Hapo kuna jambo la kujifunza. Mchanga si barabara. Wataalamu wa Ubelgiji walipima mwaka 1998 wakaona kuwa kukimbia mchangani hula nguvu mara 1.6 kuliko kwenye ardhi ngumu, na kutembea hula zaidi ya mara 2. Kumbe waya alikuwa akifanya kazi nzito kupita alivyodhani, na tumboni hamna kitu.

Wiki ya kwanza alipungua kilo 3, akafurahi. Wiki ya pili usingizi ukamkimbia, akawa anagombana na kila mtu, magoti yakavimba. Majirani nao hawakulaza damu. "Mama fulani amekonda, mmemwona?" Wiki ya tatu aliacha kila kitu, akala kwa hasira, na kilo zote zikarudi.

Aliporudi kliniki, muuguzi alimsikiliza kisha akamwambia, "Mama, hukukosa bidii. Bidii ilikuwa nyingi mno na ya siku zote. Hata boti huvutwa ufuoni."

"Na nikipumzika si nitanenepa, daktari?" waya akauliza.

"Utanenepa ukiacha, mama. Kupumzika si kuacha."

Muuguzi akamwandikia utaratibu, na mimi nikiwa likizoni nikauandika kwa herufi kubwa tukaubandika ukutani. Huu hapa:

Jumatatu: kutembea haraka dakika 30 kwenye njia ngumu, si mchangani.
Jumanne: mazoezi makali ya vipindi, dakika 1 ya kupanda kilima kwa kasi, dakika 2 za kushuka polepole, mara 6.
Jumatano: mapumziko mepesi, kazi za kawaida na kunyoosha viungo.
Alhamisi: mazoezi ya nguvu, kama kuinuka na kukaa kwenye kigoda na kusukuma ukuta, dakika 20.
Ijumaa: kupanda kilima tena kama Jumanne.
Jumamosi: kutembea dakika 40, na kupiga gumzo ruksa.
Jumapili: kupumzika kabisa. Kanisani, nyumbani, usingizi.

Utaona siku kali ni mbili tu na hazifuatani. Wiki mbili za kwanza alitembea tu, bila kilima, mpaka magoti yakatulia na presha ikapimwa tena. Chakula hakukiacha. Alikula ugali, lakini donge lilipungua likawa kama ngumi yake. Omena na ngege akawa anachemsha kwa nyanya badala ya kukaanga kila siku. Osuga na sukuma wiki zikajaa nusu ya sahani. Sukari ya chai ilitoka vijiko vinne ikawa kimoja, na soda ikawa ya Krismasi.

Baada ya miezi minne mizani ilisoma kilo 87. Presha imeshuka, ingawa dawa bado anameza kama alivyoagizwa. Majirani wakauliza tena. Yeye akawajibu akiwa amejitwika karai la omena kichwani, "Mwenye chira hubeba hili?" Wakacheka, na siku hizi wawili wao humfuata Jumamosi.

DALILI ZA KUKOSA MAPUMZIKO

Msomaji, mwili huonya kabla ya kuvunjika. Angalia haya:

1. Mapigo ya moyo asubuhi. Yahesabu kabla hujatoka kitandani. Kama kawaida yako ni 65 na leo ni 75 au zaidi, mwili haujapona. Fanya siku hiyo iwe nyepesi.
2. Usingizi unakimbia ingawa umechoka.
3. Maumivu ya misuli yanayopita siku tatu, au maumivu ya kiungo kimoja mahali pamoja.
4. Hasira za bure na kukosa hamu ya masomo.
5. Mafua yasiyoisha.
6. Mwendo uleule uliokuwa rahisi sasa umekuwa mgumu.

Ukiwa na dalili mbili au tatu kwa pamoja, pumzika siku mbili au tatu. Hupotezi kitu. Misuli haisahau kwa siku tatu.

NENO KWA WANAFUNZI WENZANGU

Sisi tulio chini ya miaka 18 bado tunakua, na hesabu zetu si sawa na za waya. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba wenye miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi ya wastani hadi makali kwa wastani wa dakika 60 kwa siku, na yale makali yawe angalau siku 3 kwa wiki. Soma vizuri: kuchangamka ni kila siku, lakini ukali si lazima kila siku. Mpira wa jioni, kutembea na kufagia bweni vyote vinahesabiwa. Kujinyima chakula bila ushauri wa daktari ni hatari, hata kama wenzako wanakutania.

Wasichana wasikilize zaidi. Msichana akifanya mazoezi mazito na kula kidogo, hedhi inaweza kukoma na mifupa ikadhoofika. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu huo wa nguvu kwa wanamichezo, wasichana kwa wavulana. Hedhi ikikoma si dalili ya kuwa mwanamichezo shupavu. Mwambie mzazi, matroni au daktari.

Tena, Nyanza yetu ina watu wengi wenye ugonjwa wa selimundu. Kwao mazoezi makali, kiu na baridi ya maji vinaweza kuleta maumivu makali sana. Wao wacheze kwa kipimo alichowapa daktari, wanywe maji mara kwa mara, na asiwepo mwalimu wala kapteni wa kuwalazimisha. Vilevile aliyetoka kuugua malaria asirudi mbioni siku anapomaliza dawa. Damu yake huenda bado imepungua. Aanze kwa kutembea.

Mwisho ni usingizi. Kijana wa rika letu anahitaji saa 8 hadi 10 usiku. Katika usingizi mzito ndipo homoni ya kukua hutoka kwa wingi na misuli hujengwa. Sasa mtu analala saa tano usiku, anaamka saa kumi na nusu kwa prepu, halafu anazunguka kiwanja mara kumi eti apunguze tumbo. Hapo anajidanganya. Ukilala kidogo, njaa huongezeka mchana, na hamu yote huelekea kwenye mandazi. Ikiwa usiku ulikuwa mfupi, afadhali utembee kidogo jioni na uache mbio mpaka kesho.

MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Kokotoa makisio ya mapigo ya juu ya moyo kwa mtu wa miaka 40, kisha utaje asilimia 70 na 85 yake.
(b) Eleza kwa nini kilo zinazopungua wiki ya kwanza si mafuta yote.
(c) Toa sababu mbili za kutofanya mazoezi makali siku mbili mfululizo.
(d) Andika ratiba ya wiki inayofaa mwanafunzi wa bweni, ukionyesha siku kali, siku nyepesi na siku ya kupumzika.

Ndugu msomaji, sitaki nikuchoshe. Kama unanuia kupunguza uzito, chukua kalamu leo, chora siku saba, na kabla hujaandika siku za mazoezi, andika kwanza siku ya kupumzika. Polepole ndio mwendo. Wino unanikaukia, nikomee hapo. Kwaherini, na afya njema.